Jezi Bila Bukta

Stendi ya mabasi ya Singida mjini ina kona ambayo mtu mwenye pua nzuri hapiti mara mbili. Ni pale wanapouzwa kuku. Kuku wa Singida wana sifa nchi nzima, lakini wanaowasifia huko Dar hawajawahi kusimama hapo saa saba mchana, jua limewaka, manyoya yanaruka, kuku wamelundikwa kwenye matenga na harufu imekaa kooni kama dawa chungu.

Scholastika alilazimika kupita. Alikuwa amepakata furushi la jezi nyeupe lililoshushwa kwenye basi, amevaa sketi ndefu ya kitenge cha bluu na blauzi iliyonyooshwa pasi mpaka mikononi, na ameziba pua kwa ncha ya mtandio. Mwanamume mmoja mrefu, traksuti ya kijani, alikuwa akibishana bei na muuzaji huku ameshika jogoo. Aligeuka ghafla, na jogoo akafanya haja yake juu ya jezi ya kwanza kabisa.

Scholastika aliitazama ile jezi, kisha akamtazama yule mtu.

"Jogoo wako ameninyea."

"Bado si wangu, dada. Hatujaelewana bei."

"Basi mnunue sasa hivi, maana nina kesi naye."

Mwanamume alicheka, akamrudisha jogoo kwenye tenga. "Nipe hiyo jezi nikaifue."

"Wewe? Wanaume wa traksuti ninawajua. Soksi zenu zinasimama zenyewe ukutani."

"Umezionea wapi?"

"Nachapa majina kwenye jezi, duka la dada Komal. Mnatuletea tubadilishe majina, hazijafuliwa, zina jasho la mwezi mzima. Nimeona mengi, na mengine nimeyanusa."

"Pole sana," alisema yule mtu, na alionekana anamaanisha. "Naitwa Mughwai. Kesho asubuhi jezi yako utaipata."

Aliileta kweli. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa kwa adabu. Dada Komal, mwenye duka, alikuwa nyuma ya kaunta ya kioo akipanga viatu. Alingoja mgeni aondoke, kisha akamgeukia Scholastika.

"Unajua huyo ni nani? Kapteni wa Alizeti FC. Mume wangu akimwona anasimama wima barabarani kama polisi."

Scholastika hakumjua. Alikuwa amelichapa jina lake misimu mitatu, lakini kwake wachezaji walikuwa herufi na namba tu. Alikata plastiki kwa mashine, akanyofoa mabaki kwa sindano, akabandika kwa mashine ya moto, basi. Mpira wenyewe aliuona uchafu mtupu: watu wazima wanagaragara kwenye vumbi, na viongozi wenye vitambi wanakula kuku jukwaani.

Mwaka mmoja baadaye alikuwa anajua matokeo yote ya ligi. Ndivyo mapenzi yanavyomwaibisha mtu. Mughwai alikuwa na miaka thelathini na minne, kiungo, goti moja bovu, kicheko cha taratibu. Kila jioni akitoka mazoezini alipiga simu.

"Mama Usafi, umeshindaje?"

"Nimeshinda na jezi za timu ya wauza mitumba. Usinikumbushe. Wewe umeoga?"

"Mara mbili."

"Oga ya tatu ndiyo unipigie."

"Nikioga ya tatu ngozi itatoka, na huyo wa Kinampanda hatanitaka."

"Atakutaka hivyo hivyo, umechubuka."

Kinampanda ndiko kwao Scholastika, na ndiko Mughwai alikotaka kwenda kujitambulisha. Siku ilipangwa, Jumamosi ya pili ya Julai. Mshenga alikuwa Alute, beki wa Alizeti, rafiki yake tangu wakiwa wanacheza pekupeku kijijini Mgori. Alute alikuwa na maneno matamu kiasi cha kuweza kumuuzia mtu kivuli chake.

Lakini Juni mikataba iliisha. Uongozi wa Alizeti uliwaita wakongwe, mmoja mmoja, kila mtu na siku yake. Walikuwa watatu: Mughwai, Alute na Hezekia golikipa. Ndio walioibeba timu kutoka ligi ya mkoa mpaka juu. Kila mmoja aliambiwa yale yale. Mshahara nusu, mkataba wa miezi mitatu mitatu, na ile fedha ya usajili ya msimu uliopita ambayo hawakulipwa, "tutaizungumza." Wachezaji wapya walikuwa wamepangiwa nyumba zenye feni na friji. Wakongwe waliambiwa washukuru bado wanakumbukwa.

Watatu hao walikutana nyumbani kwa Alute, wakanywa chai, wakapeana mikono. Hakuna atakayesaini peke yake. Wote, au hakuna.

"Na mkikosa wote?" Scholastika alimuuliza Mughwai simuni.

"Tutakosa wote. Mpenzi, mimi nimevunjwa goti kwa ajili ya ile timu. Siwezi kuwapa na neno langu wakalivunje."

Scholastika alikuwa mtu wa kuona kinyaa upesi, kwa chakula, kwa vyoo, kwa watu, na alijua kwamba huyu mwanamume ndiye kitu kisafi kuliko vyote alivyowahi kuvishika.

Jumatatu ya wiki ile ya utambulisho, katibu wa Alizeti aliingia dukani. Bonaventura alikuwa na suti ya rangi ya maziwa, manukato ya kumfanya mtu apige chafya, na kijiti cha meno kilichohama upande mmoja wa mdomo hadi mwingine wakati anaongea. Alikitoa, akakitazama, akakiweka juu ya kioo cha kaunta.

"Jezi za msimu mpya," alisema. "Orodha hii hapa. Nataka zikamilike leo, na hakuna mtu kuambiwa. Tutawatangaza wenyewe."

Scholastika alikisukuma kile kijiti kwa kipande cha karatasi mpaka kikaanguka kwenye ndoo ya taka. Kisha akasoma. Majina kumi na tisa, karibu yote mageni; la Alute na la Hezekia hayakuwemo. Chini kabisa, kwa kalamu tofauti: MUGHWAI, 6.

Aliisoma mara mbili.

"Hawa wote wamesaini?"

"Binti, wewe huwa unachapa jezi za watu ambao hawajasaini?"

"Hapana."

"Sasa."

Hivyo ndivyo kazi ilivyokuwa mjini pale. Jezi haikuchapwa jina mpaka mtu amesaini, kwa sababu hakuna timu iliyotaka kulipia herufi mara mbili. Dada Komal mwenyewe alikuwa akisema kwamba yeye anajua usajili wa Singida kabla ya redio.

Scholastika alikata herufi. Alinyofoa mabaki kwa sindano, M, kisha U. Hao kumi na wanane wengine kila mmoja alikuwa na jezi tatu na bukta tatu. Kwa Mughwai ililetwa jezi moja, saizi ya kati, bila bukta. Macho yake yaliliona hilo, lakini kichwa chake hakikulipokea, kwa sababu kilikuwa kimejaa kitu kimoja tu: amewauza wenzake, na mimi hajaniambia.

Alipoifunua mashine ya moto, Bonaventura aliitandaza ile jezi ya namba sita juu ya kaunta, akaipiga picha kwa simu.

"Ya kumbukumbu," alisema, akatabasamu. Kati ya meno yake kulikuwa na kipande cha mboga.

Jioni simu iliita kama kawaida.

"Mama Usafi, umeshindaje?"

"Nimeshinda. Mughwai, hakuna unachotaka kuniambia?"

"Kipo kimoja. Lakini nilitaka nikuambie Jumamosi, tukiwa kwa wazee. Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeona."

"Umeona? Basi usikasirike, mpenzi. Nimefanya kwa ajili yetu."

Kwa ajili yetu. Ndivyo wanavyosema wote wanapofanya uchafu, wanaupakaza na jina lako.

"Jumamosi usije Kinampanda."

"Unasema?"

"Usije. Nikikuona nitatapika." Akakata, akaifungia namba yake.

Siku mbili alikuwa mtu wa kusonya tu. Jumatano Mughwai alikuja dukani. Scholastika aliiona miguu yake mirefu mlangoni, akaingia stoo na kusimama katikati ya maboksi ya viatu.

"Hayupo," dada Komal alisema kule nje. Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini una shida gani, kapteni? Umekonda."

"Nilitaka kumuuliza kitu kimoja tu," Mughwai alijibu. "Na yeye ndiye pekee anayejua jibu. Nitarudi."

Hakurudi. Alhamisi asubuhi alirudi Bonaventura, ile jezi moja ameiviringisha kwapani.

"Toa hili jina. Weka la huyu Mkongo tuliyemsajili jana, namba ibaki ile ile."

Scholastika aliishika jezi. Ilikuwa haijavaliwa hata mara moja, na ilikuwa na unyevu wa kwapa la katibu. Aliitazama lebo ya shingoni. Saizi ya kati. Mughwai asingepitisha hata mkono.

"Na Mughwai atavaa ipi?"

"Mughwai? Yule hajasaini, na hatumtaki tena. Tulikuwa tunawataka wale wawili." Bonaventura alikuwa na furaha, na furaha humlegeza mtu ulimi. "Walikuwa wamejifunga kamba moja. Ukimkata mmoja wengine wanaanguka. Nikawatumia picha tu. Jana asubuhi wako ofisini kwangu, wanagombania kalamu."

Alicheka. Scholastika hakuweza kuona kitu kingine isipokuwa mdomo ule.

Jezi moja, bila bukta. Aliiona, akaipitisha. Yeye aliyeweza kunusa uongo wa muuza samaki kutoka mlangoni, alikuwa amekata herufi kwa mikono yake, akaikabidhi kamba ya kuwanyongea watu watatu, kisha akaenda kumtukana mmoja wao simuni. Kinyaa alichozoea kuwaonea watu wengine kilimgeukia mwenyewe, na hakikuwa na mahali pa kutemewa.

"Sifuti," alisema.

"Nini?"

Dada Komal alikuwa ameacha kupanga viatu. Alikuja taratibu, bangili zinalia, akaichukua ile jezi kwa vidole viwili, akairudisha mikononi mwa katibu.

"Kaka Bonaventura, kuchapa ulinilipa. Kufuta sijakubali. Na za wale kumi na wanane, msimu ujao peleka Dodoma."

"Utapoteza timu nzima, dada."

"Harufu yake nitaipoteza pia," dada Komal alisema. Kisha akamgeukia Scholastika. "Wewe bado umesimama hapa? Nenda."

Alute aliishi Majengo, nyumba ya bati jipya. Mkewe, Dorkas, alimkaribisha Scholastika bila kumtazama usoni. Sebuleni walikuwepo Alute na Hezekia, wamekaa mbele ya chai iliyopoa, kila mmoja na mkoba mpya wa Alizeti miguuni. Walikuwa na nyuso za watu waliotoka kuzika.

"Shemeji," Alute alianza, "kama umekuja kwa habari ya Jumamosi, mimi siendi popote. Siwezi kumsemea mtu wa aina ile."

"Aina gani?"

Alute alitoa simu, akamwekea picha mbele ya uso. Kaunta ya kioo ya dada Komal. MUGHWAI, 6.

"Nilimtumia hiyo picha, nikampigia nikamwuliza. Akakataa kata kata, na jezi ninaiona. Nikamwambia asinijue tena."

"Ile jezi nimechapa mimi," Scholastika alisema. "Na zenu, je? Mlipewa ngapi?"

"Tatu," Hezekia alisema. "Kila mtu tatu, bado hazijachapwa majina."

"Na bukta?"

"Na bukta."

"Yeye moja. Saizi ya kati, bila bukta, na leo asubuhi katibu ameirudisha nitoe jina. Hajasaini, Alute. Hakuwahi kusaini. Mmenunuliwa kwa picha."

Hezekia aliweka mikono usoni. Ile mikono mikubwa ya golikipa ilikuwa inatosha kuufunika uso wote. Alute alibaki ameishika simu, anaitazama picha kama anaweza kuikuta imebadilika.

"Kwa nini hukumuuliza mwenyewe?" alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Wewe uliyechapa."

"Kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumwona mchafu. Na nyie? Miaka ishirini mnajuana. Mlimpa muda gani kabla ya kushika kalamu?"

Alute alizima kioo cha simu. Nusu ya mshahara kila mmoja, na Mughwai hana timu. Dorkas alitoka jikoni, akaokota ule mkoba mpya wa mumewe, akaupeleka nje ya mlango kama mtu anayetoa panya.

Uani, Scholastika aliifungua namba na kupiga. Iliita muda mrefu.

"Mama Usafi," Mughwai alisema. Hakukuwa na utani ndani yake.

"Nimejua yote. Ilikuwa mtego, na mimi ndiye niliyeufunga. Nisamehe."

"Niliitambua kaunta yenu kwenye ile picha. Nikajua ni mikono yako. Ulilikata jina langu, herufi moja moja, na hukupiga simu kuniuliza. Alute ameniumiza, lakini Alute ni Alute. Wewe nilikuwa nakuoa."

Scholastika aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Machozi yalikuja, na kamasi, na hakujali.

"Ulisema una jambo la kuniambia. Ukasema umefanya kwa ajili yetu. Nikajua ndilo hilo."

"Nimeuza pikipiki. Kwa ajili ya mbuzi wa mahari kwa baba yako. Niliona aibu kukuambia kwamba nitakuja kwenu kwa basi."

Alilia kwa sauti sasa, huku anacheka, na Dorkas akachungulia dirishani.

"Njoo kwa basi," alisema. "Njoo kwa miguu. Ukiweza kunivumilia mtu mwenye pua ndefu na akili fupi, njoo."

Scholastika alivuta kamasi, akajifuta.

"Umelia mpaka kamasi?" Mughwai aliuliza.

"Ndiyo."

"Umefutia nini?"

"Mkono wa blauzi."

"Blauzi nyeupe?"

"Nyeupe."

"Basi umejuta kweli," alisema. "Jumamosi nakuja. Huyo mshenga aliyekataa, mwambie mimi sina mwingine."

Jumamosi walifika Kinampanda saa tano, wanaume wawili wamevaa mashati ya mikono mirefu, mmoja anachechemea goti, mwingine hakuinua macho tangu aliposhuka kwenye basi. Baba yake Scholastika, Mzee Leonard, alikuwa mkulima wa alizeti, mtu wa maneno machache. Walimwamkia shikamoo, akaitika, akawaonyesha viti. Scholastika alikuwa jikoni na mama yake, sahani ya ugali na kuku ipo tayari, na ukuta wa jikoni ulipitisha kila neno.

Kazi ya mshenga inajulikana. Anamsifia bwana harusi, anapaka mafuta pale pakavu, na wazee wanajua anapaka na wanamwacha apake.

"Kijana wenu anafanya kazi gani?" Mzee Leonard aliuliza.

Scholastika alisogeza sikio ukutani.

"Hana kazi, mzee," Alute alisema. "Alikuwa nayo mpaka wiki hii. Tuliapa watu watatu, hakuna kusaini kazi peke yake mpaka tulipwe haki zetu wote. Wawili wakasaini. Yeye hakusaini, ndiyo maana hana kazi."

"Na wewe ulikuwa katika hao watatu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ni yupi?"

"Ni mmoja wa wale wawili."

Kuku walisikika uani. Mama aliacha kukoroga mchuzi.

"Nimepokea washenga wanne katika nyumba hii," Mzee Leonard alisema taratibu. "Wote walinidanganya, na nilijua. Wewe umesema kweli, lakini kweli yako inanuka. Mkwe nimempokea, mambo ya mbuzi tutaongea naye. Wewe chakula changu hutakula. Siku ukiirudisha hiyo karatasi uliyosaini kwa wenyewe, uje, utakula."

"Sawa, mzee," Alute alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetarajia.

"Scholastika, lete chakula cha mgeni."

Alitoka na sahani moja. Alipiga magoti mbele ya Mughwai, akamnawisha. Hakumtazama Alute, kwa sababu bado alikuwa anamwonea kinyaa, na hakuona haya ya kukiri hilo moyoni. Mughwai aliitazama nyama, akamtazama rafiki yake, akaifuta mikono yake.

"Mzee, naomba radhi," alisema. "Asante kwa kunipokea. Lakini chakula nitakula siku hiyo atakayokula na huyu."

Scholastika alibaki amepiga magoti, sahani mkononi. Mtu yule alikuwa amepoteza kazi, pikipiki na marafiki ndani ya wiki moja, na njaa ya safari ilikuwa inamlia tumboni, aliisikia. Alitaka kumzaba kofi, na alitaka kumkumbatia mbele ya baba yake.

Mzee Leonard alikohoa, akatazama pembeni kwa muda. "Rudisha," alimwambia binti yake.

Jikoni mama aliitazama sahani iliyojaa, akakunja uso.

"Kakataa chakula changu?"

"Hajakataa chakula, mama. Kakataa kula peke yake."

Mama alichukua sahani mikononi mwake, akaifunika vizuri kwa kawa, akaiweka juu, mahali paka hafiki.

"Huyo olewa naye," alisema.